Bahasha ya Kaki: Somo Kuhusu Kukosa Kazi na Kutafuta Msaada wa Kuipata



Ukisimama asubuhi kwenye kituo cha mabasi cha makao makuu ya wilaya, utawatambua bila kuuliza. Shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi kwa uangalifu, na mkononi ipo bahasha ya kaki ambayo pembe zake zimelegea kwa kushikwa mara nyingi. Ndani ya bahasha mna vyeti, barua ya maombi na picha mbili ndogo. Wengine wameibeba kwa miezi, wengine kwa miaka.

Mwandishi wa somo hili aliibeba bahasha ya namna hiyo kwa miaka miwili na miezi minne kabla ya kupata nafasi ya kufundisha elimu ya watu wazima. Kwa hiyo, kati ya haya yaliyoandikwa hapa, mengine nimeyasoma na mengine yamenipata.

Lengo la somo ni kumwezesha msomaji kufanya mambo manne: kuelewa maana ya kukosa kazi, kutambua jinsi hali hiyo inavyomgusa mtu na nyumba yake, kujua ofisi za huduma za ajira zinafanya nini na hazifanyi nini, na kujiandaa kabla hajaziendea. Somo linafaa kusomwa na mtu mmoja mmoja, lakini litafaa zaidi likisomwa katika kikundi, na ndiyo maana mwishoni yamewekwa maswali ya kujadili.

1. Nani asiye na kazi?

Lugha yetu inatusaidia kuanza vizuri, kwa kuwa inatenganisha kazi na ajira. Kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha au kuhudumia. Ajira ni kazi inayofanywa kwa makubaliano na malipo. Mama anayelima mbaazi, kuteka maji na kulea wajukuu watatu hana ajira, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayesema hana kazi.

Wataalamu wa takwimu, kwa kufuata kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, humhesabu mtu kuwa hana kazi akitimiza masharti matatu: hafanyi kazi, yuko tayari kuifanya, na anaitafuta. Sharti la tatu lina ugumu wake. Kijana aliyezungushwa ofisi ishirini, akachoka, akakaa nyumbani, kwa kipimo hicho ameshatoka katika hesabu. Kwa sababu hiyo, tafiti za nguvukazi za nchi yetu hutumia pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, ambayo inamhesabu hata yule asiyetafuta tena lakini yuko tayari kufanya kazi ikipatikana.

Jambo hili lisionekane kuwa la vitabuni tu. Linatufundisha kwamba mtu aliyeacha kutafuta si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyetafuta mpaka nauli ikaisha. Tunapomwona amekaa kibarazani saa nne asubuhi, tunaona mwisho wa safari yake. Mwanzo wake hatukuuona.

2. Kukosa kazi kunamfanya nini mtu

Wengi hudhani kuwa tatizo la kukosa kazi ni fedha peke yake. Fedha ni jambo kubwa, lakini si lote. Ushahidi mmoja wa zamani unatoka Marienthal, kijiji cha viwanda nchini Austria. Takriban watu wote wa kijiji hicho walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia, karibu kijiji kizima kikabaki bila ajira. Watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda pamoja na wenzao kuchunguza maisha ya hapo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1933.

Ingetarajiwa kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi, wangetembeleana zaidi na kushiriki zaidi katika vyama vyao. Iliyoonekana ni kinyume. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu, ingawa wakazi walikuwa na siku nzima za kusoma. Wanachama wa vyama vya kijamii walipungua. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani wakaona kwamba wanaume walitembea polepole na kusimamasimama bila sababu, ilhali wanawake, ambao bado walikuwa na chakula cha kupika na watoto wa kuangalia, walitembea kwa haraka zaidi. Wanaume walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi walishindwa kueleza. Siku ilikuwa imepita bila kuacha alama.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na ujira, humpa mtu vitu vitano: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo analoshirikiana na wengine, nafasi yake katika jamii, na shughuli ya kila siku. Anayepoteza ajira hupoteza vyote vitano kwa pamoja, siku ileile mshahara unapokoma.

Nami naweza kushuhudia. Mwezi wa kwanza baada ya chuo niliamka alfajiri. Mwezi wa sita niliamka saa tatu, na hakuna aliyenigombeza, jambo ambalo lilinitia uchungu kuliko kugombezwa. Niliacha kwenda kwenye vikao vya harusi kwa kuwa sikuwa na mchango. Niliacha kupita njia ya sokoni kwa kuwa palikuwa na mzee mmoja, mtu mwema kabisa, aliyeniuliza kila siku kwa upole: "Vipi mwanangu, bado?" Hakukusudia ubaya. Lakini neno "bado" likirudiwa mara mia humfanya mtu abadili njia, na anayebadili njia ili asikutane na watu anajikatia mwenyewe habari za kazi. Hata kazi niliyokuja kuipata niliisikia kwa mtu niliyekutana naye msibani. Ningekuwa nimejifungia ndani, nisingeisikia.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kushikwa na kila asiye na ajira. Kwanza, alinde saa: aamke kwa wakati, apange asubuhi kuwa ya kutafuta kazi na alasiri kuwa ya shughuli nyingine. Pili, asiache watu: ibada, michezo, misiba na vikundi ni mahali habari zinapopita. Tatu, aandike daftari la maombi, lenye tarehe, ofisi aliyoomba, nafasi aliyoomba na jibu alilopata. Daftari hilo humwonyesha mtu kwamba siku zake hazikupotea, na humwonyesha pia kosa analolirudia.

3. Ofisi za ajira zilitoka wapi

Zamani mtu aliyetafuta kazi ya viwandani alizunguka lango hadi lango akiuliza, na mwajiri aliyehitaji mtu aliwachukua waliotokea kusimama langoni siku hiyo. Mfanyakazi hodari angeweza kulala njaa upande mmoja wa mji ilhali upande wa pili anatafutwa mtu wa ufundi wake. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1909 ilianzisha ofisi za umma za kuwakutanisha watafuta kazi na waajiri, na ofisi za kwanza zikafunguliwa mwezi Februari 1910. Mwaka 1948 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 88, unaozitaka nchi zinazouridhia kuwa na huduma ya ajira ya umma inayotolewa bila malipo.

Hapa kwetu, Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa huduma hizo. Wengi wanaifahamu huduma yenyewe kwa jina la TaESA, yaani Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, na masuala ya kazi na ajira yamekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wazo ni lilelile la zamani: kupunguza umbali kati ya mtu anayetafuta kazi na kazi inayotafuta mtu.

4. Ofisi inafanya nini, na haifanyi nini

Ofisi ya huduma za ajira humsajili mtafuta kazi na kuhifadhi taarifa zake. Humshauri kuhusu fani na soko la ajira. Humfundisha kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili. Humuunganisha na mwajiri aliyeleta nafasi. Na huratibu mafunzo ya utarajali, ambayo humpeleka mhitimu katika taasisi au kampuni ili apate uzoefu wa kazi. Haya yote ni ya maana. Lakini ofisi haitengenezi kazi. Kama hakuna mwajiri aliyeleta nafasi inayolingana na sifa zako, afisa hawezi kuichora ukutani.

Kutolielewa jambo hili huleta uchungu usio wa lazima. Nilipokwenda mara ya kwanza katika ofisi ya namna hiyo, katika mji ambao sitautaja, nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Nilipoingia, afisa aliniuliza swali moja: "Unaweza kufanya nini?" Nikajibu kwa unyenyekevu: "Kazi yoyote, mheshimiwa." Akaweka kalamu chini, akasema: "Ndugu yangu, miaka yote niliyokaa hapa sijaletewa tangazo la kazi yoyote. Wanaleta tangazo la dereva, la mhasibu, la mpishi, la mlinzi. Nikuandike wapi?"

Siku ile nilitoka nimekasirika, nikiona nimedharauliwa. Nilimaliza wiki nzima kabla sijakubali kwamba alinifundisha. Nilidhani "kazi yoyote" ni adabu, kumbe ni kumwachia mwenzako mzigo wa kunifahamu. Niliporudi mara ya pili nilikuwa na karatasi yenye mistari minne: nafundisha kusoma na kuandika, natunza kumbukumbu za fedha za kikundi, natumia kompyuta kuandika barua na kupanga hesabu, niko tayari kuhamia wilaya yoyote ya mkoa huu. Afisa yuleyule aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniandika mahali pawili. Sikupata kazi kupitia kwake, na ni haki niseme hivyo. Lakini mistari ile minne ndiyo niliyomweleza yule mtu wa msibani, naye akajua mara moja amwambie nani.

Pia yafaa kutofautisha ofisi mbili ambazo wananchi huzichanganya. Huduma za ajira zilizotajwa hapo juu zinamhudumia kila mtafuta kazi, na zinaunganisha hata na waajiri binafsi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ni chombo kingine: huendesha mchakato wa kujaza nafasi za kazi serikalini, na maombi yake hupitia mfumo wa kielektroniki ujulikanao kama Ajira Portal. Kujisajili upande mmoja hakumwandikishi mtu upande wa pili.

Ofisi za huduma za ajira hazipo katika kila wilaya. Kwa hiyo, kabla ya kutumia nauli, mkazi aanzie kwa Afisa Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii, aulize ofisi iliyo karibu iko wapi, siku zake za kazi, na kama shughuli yake inaweza kumalizwa kwa njia ya mtandao.

5. Maandalizi kabla ya kwenda

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maombi mengi hayakataliwi kwa sababu mwombaji hafai. Yanakataliwa kwa sababu karatasi zake hazikukamilika. Yafuatayo yakaguliwe nyumbani, si kwenye foleni.

Majina. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha Taifa liwe moja. Herufi moja ikitofautiana, mwombaji hutakiwa kueleza. Anayejua kuwa majina yake yanatofautiana asisubiri tangazo la kazi; atafute mapema ushauri wa kisheria kuhusu namna ya kuyathibitisha au kuyarekebisha.

Vyeti. Matangazo ya kazi serikalini husisitiza cheti chenyewe cha kuhitimu. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, taarifa za matokeo ya muda na barua za utambulisho wa shule hazikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi hutakiwa kuthibitisha vyeti vyake kwa mamlaka husika: Baraza la Mitihani la Tanzania kwa elimu ya sekondari, Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada.

Barua. Barua ya maombi iwe na saini na itaje nafasi inayoombwa kwa jina lake lilivyo kwenye tangazo. Barua moja inayonakiliwa kwa kila ofisi hujulikana kwa macho.

Wadhamini. Wasifu hutaja watu wa kukuthibitisha pamoja na anwani zao za kuaminika. Waombe ruhusa kwanza. Mdhamini anayepigiwa simu akauliza "Nani huyo?" amekwisha kukuharibia.

Anwani ya barua pepe na namba ya simu. Hapa wakazi wetu wengi hujikwaa. Mtu huenda kwenye duka la huduma za intaneti, akafunguliwa akaunti kwa barua pepe ya mwenye duka, na neno la siri akalijua mwenye duka peke yake. Mwito wa usaili unapofika, duka limehama au namba imebadilishwa. Akaunti iwe yako, neno la siri ulitunze wewe, na laini ya simu iwe ya jina lako. Kama hujui kuitumia kompyuta, msaidizi akuandikie ukiwa umeketi kando yake, na ukiondoka uwe umeandika kila kitu katika daftari lako.

6. Jihadhari na wauza matumaini

Mwenye njaa huuziwa hata kivuli cha mkate. Mwaka wa pili wa kutafuta kazi, mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala aliniahidi nafasi ya ukarani bandarini. Alitaka fedha ya "faili". Shangazi yangu aliuza mbuzi wawili. Baada ya wiki alitaka ya "sare", nikakopa. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Hasara ya fedha nilikuja kuilipa. Sikuweza kulipa jinsi shangazi alivyonipokea nilipokwenda kumweleza. Hakusema neno, alinipakulia chakula.

Kanuni ni fupi: kazi halali hainunuliwi. Huduma ya ajira ya umma haina malipo, na maombi ya kazi serikalini hayana ada. Hata kwa mawakala binafsi, Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 umeweka msingi kwamba mtafuta kazi asitozwe ada, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Wakala anayetambulika huwa na kibali cha Serikali, na mkazi ana haki ya kuomba kukiona na kukiulizia kwa Afisa Kazi wa mkoa.

Tahadhari iwe kubwa zaidi kwa kazi za nje ya nchi, hususan za majumbani katika nchi za Ghuba. Binti asitoe pasipoti yake kwa mtu asiyejulikana ofisini kwake, wala asisafiri bila mkataba wa maandishi anaouelewa, unaotaja mwajiri, mshahara, saa za kazi na nani atalipa nauli ya kurudi. Nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki kwa familia. Anayekuharakisha usisome anajua kilichoandikwa.

7. Aliyekuwa na ajira akaipoteza

Si kila asiye na kazi ni mhitimu mpya. Wapo waliofanya kazi miaka mingi wakapunguzwa. Hawa wana haki ambazo wengi hawazidai kwa kutozijua. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, isipokuwa kama ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu au kwa sababu nyingine zilizotajwa na sheria hiyo. Mwajiri anapaswa pia kumpa hati ya utumishi. Hati hiyo isidharauliwe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa uzoefu wake mbele ya mwajiri mwingine.

Anayeamini ameachishwa isivyo halali apeleke shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Muda huu ni mfupi, na wengi huumaliza wakibembeleza kurudishwa. Aidha, tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 lipo fao la kukosa ajira kwa mwanachama wa mfuko ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na ametimiza masharti ya uchangiaji. Aende na kadi yake ya uanachama katika ofisi ya mfuko wake aelezwe stahili yake.

8. Milango mingine

Wapo mafundi katika kata zetu waliojifunza ujenzi, useremala, ushonaji au makanika kwa kumtazama fundi mwingine, na hawana karatasi yoyote. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi anayoijua, hurekebishwa pale alipopungua, na akifaulu hupewa cheti. Kwa fundi aliyekuwa akiachwa nje ya lango la mradi kwa kukosa cheti, huo ni mlango wa kweli.

Aidha, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti ya sasa na fomu huulizwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Neno la tahadhari: mkopo ni deni, hata usipokuwa na riba. Kikundi kilichoundwa jana kwa ajili ya kupata fedha huvunjika kesho kwa ajili ya kuzigawana. Anzeni na shughuli, hata ndogo, kisha mkopo ukute kazi inayotembea.

9. Wajibu wa nyumba na jirani

Asiye na ajira si mgeni asiyealikwa. Apewe majukumu nyumbani, wala yasiwe ya kumwadhibu. Apewe kwa sababu mtu anayehitajika huamka. Asitolewe mfano mbele ya wadogo zake. Badala ya kumuuliza "bado?", jirani amuulize: "Unatafuta kazi ya namna gani, nami nikisikia nikuambie?" Swali la kwanza hufunga mlango, la pili huutafuta. Yule mzee wa sokoni niliyekuwa nikimkwepa, niligundua baadaye kwamba mwanawe alikuwa msimamizi wa ghala la mazao. Miaka miwili nilimkwepa. Hakujua ninachoweza kufanya, nami sikumwambia.

Muhtasari

Kukosa ajira si kukosa thamani. Kunaondoa fedha, lakini kunaondoa pia saa, watu na heshima, na kwa hiyo vyote vilindwe pamoja. Ofisi ya ajira ni daraja; haitengenezi kazi. Anayeiendea aende na majina yaliyonyooka, vyeti kamili, na maneno machache yanayosema anachoweza. Hakuna kazi halali inayonunuliwa. Haki ya aliyeachishwa ina muda wake. Na jirani ni ofisi ya kwanza ya ajira.

Mazoezi ya kikundi

(a) Kila mmoja aandike mistari minne inayosema anachoweza kufanya, bila kutumia maneno "kazi yoyote". Wenzake wamwambie ni mwajiri gani wa eneo hili angeihitaji kazi hiyo.

(b) Toeni vyeti na vitambulisho vyenu, mkague kama majina yanalingana herufi kwa herufi.

(c) Jadilini: ni matapeli wa namna gani wamewahi kupita katika kata yetu, na ni dalili zipi zingetuonya?

(d) Kila mmoja amtaje kijana mmoja wa jirani asiye na ajira. Je, unajua anaweza kufanya nini? Kama hujui, mwulize kabla ya kikao kijacho.

Wasiojua kusoma wasomewe. Na mwenye bahasha ya kaki aliyelisoma somo hili akiwa kwenye benchi, akisubiri kuitwa, atoe kalamu sasa hivi aandike ile mistari minne. Mlango ukifunguliwa, awe na la kusema.